Moli kwa lita, gramu kwa lita, asilimia au ppm: kipimo kipi cha ukolezi kwa kazi ipi

Kwenye rafu ya maabara ya sekondari unaweza kukuta chupa tatu za kostiki soda. Ya kwanza imeandikwa 0.1 M, ya pili 4 g/dm³, ya tatu 0.4%. Muulize mwanafunzi ipi imekolea zaidi, na pengine atanyoosha kidole kwenye ile yenye namba 4. Kumbe zote tatu ni kitu kimoja: kila lita ina gramu 4 za haidroksaidi ya sodiamu. Kilichobadilika ni kipimo tu, kama kitambaa kinachouzwa kwa yadi duka hili na kwa mita duka la jirani.

Ila kitambaa ni kitambaa, na kipimo cha ukolezi hubeba swali ndani yake. Anayesema molari (moli kwa lita, ile M ya kwenye lebo) anauliza chembe ni ngapi. Anayesema gramu kwa lita anauliza aweke nini kwenye mizani. Anayesema asilimia mara nyingi anasoma tu lebo ya kiwandani. Anayesema ppm (sehemu katika milioni) anatafuta kitu kidogo mno ndani ya maji mengi. Ukichukua kipimo kisichojibu swali lako, hesabu hurefuka na kosa hupata pa kuingilia.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Chai ikiwa na majani mengi tunasema imekolea, na ukiizimua kwa maji inakuwa hafifu. Huo ndio ukolezi: kiasi cha kitu kilichomo. Ukali wa asidi ni habari nyingine. Asidi ya siki ni dhaifu hata ikiwa safi kabisa, karibu 17.4 M, kwa sababu sehemu ndogo tu ya molekuli zake huachia ioni ya haidrojeni. Asidi ya haidrokloriki ni kali hata ikizimuliwa hadi 0.001 M. Kwa hiyo "asidi kali" na "asidi iliyokolea" si maneno ya kubadilishana.

Molari dhidi ya gramu kwa lita

Hivi viwili ndivyo vinavyogombaniwa zaidi, na ndivyo vinavyojaa kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Gramu kwa lita ni uzito wa kitu kilichoyeyuka katika lita moja ya mmumunyo. Molari ni idadi ya moli katika lita hiyohiyo. Moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³, namba iliyofungwa rasmi tarehe 20 Mei 2019. Kutoka gramu kwa lita kwenda molari unagawanya kwa uzito wa moli 1, kurudi unazidisha. Desimita ya ujazo na lita ni kitu kimoja, kwa hiyo dm³ isikutishe.

Kwa nini tujisumbue na moli wakati mizani inasoma gramu? Kwa sababu kemikali hukutana chembe kwa chembe, haziangalii uzito. Gramu 4 za kostiki soda humalizwa na gramu 3.65 za asidi ya haidrokloriki. Ukitazama gramu, huoni mantiki yoyote. Ukitazama moli, ni 0.1 kwa 0.1, moja kwa moja. Ndiyo maana kwenye titresheni, yaani kudondosha mmumunyo mmoja kutoka bureti hadi umalize mwingine, molari haina mshindani: mililita 25 za kostiki soda ya 0.1 M zinataka mililita 25 za asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M. Ukiweka kaboneti ya sodiamu ya 0.05 M mahali pa kostiki, bado mililita 25 za asidi zitatosha, kwa sababu kila chembe ya kaboneti hula chembe mbili za asidi.

Mfano mwingine uko wodini. Dripu ya chumvi ni 0.9%, dripu ya glukosi ni 5%. Kwa uzito, ya glukosi imebeba zaidi ya mara 5. Zigeuze ziwe molari: chumvi ni 0.154 M, glukosi 0.278 M. Kisha kumbuka chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni mbili, sodiamu na kloridi, hivyo chembe zake ni milimoli 308 kwa lita mbele ya 278 za glukosi. Sasa zinakaribiana, na ndivyo inavyotakiwa, maana chembe nyekundu za damu huvimba au hunywea kufuata idadi ya chembe zilizo nje yake. Asilimia peke yake ingekudanganya hapa.

Gramu kwa lita nayo ina mahali pake ambapo molari haifiki. Chukua maji ya kisima yaliyoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ndani yake kuna kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, bikaboneti, salfeti na kloridi kwa pamoja. Mchanganyiko huo hauna uzito wa moli mmoja, kwa hiyo jumla ya vitu vilivyoyeyuka hupimwa kwa miligramu kwa lita, basi. Hali ni hiyo pia kwenye asidi ya mvinyo wa zabibu za Dodoma. Juisi ina asidi za tatariki na maliki pamoja na nyingine, na watengenezaji hukubaliana kuihesabu yote kana kwamba ni tatariki, kwa gramu kwa lita. Pima mililita 10 za mvinyo, titresha kwa kostiki soda ya 0.1 M, kisha zidisha mililita zilizotumika kwa 0.75. Zikienda mililita 8, asidi ni gramu 6 kwa lita. Mvinyo mwekundu huficha rangi ya kiashiria kinachoonyesha mwisho wa titresheni, kwa hiyo uzimue kwanza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, au tumia mita ya pH, kipimo cha uasidi, na usimame kwenye 8.2. Na usisahau kuondoa gesi ya kabonidayoksaidi kwa kutikisa au kupasha kidogo, la sivyo nayo itahesabiwa kama asidi ya zabibu.

Pale gramu na moli zinapokutana ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea: maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Kaboneti ya sodiamu kavu ina uzito wa moli 105.99. Ile ya fuwele, yenye molekuli 10 za maji, ni 286.14. Ukitaka lita ya 0.05 M utapima gramu 5.30 za ile kavu au gramu 14.31 za fuwele. Ukipima 5.30 kutoka chupa ya fuwele bila kusoma lebo, unapata 0.0185 M, na bureti iliyotarajiwa kusimama kwenye mililita 25 itasimama karibu na 9.3. Darasa zima litapata jibu moja baya, na kwa kuwa wote wanakubaliana, hakuna atakayeshuku.

Kiangazi cha Dodoma huongeza tatizo. Hewa ikiwa kavu, fuwele hizo hupoteza maji zenyewe na kufunikwa na unga mweupe. Hapo si 286 tena wala bado si 106, ni kitu cha katikati kisicho na hesabu. Tumia ile kavu, uipashe kwenye oveni ya maabara kwenye nyuzi 250 hadi 300 kwa saa moja hivi, ipoe ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, ndipo upime.

Kostiki soda ina tabia ya kinyume. Hata hewa ikiwa kavu, punje zake huvuta unyevu na gesi ya kabonidayoksaidi dakika ileile unapofungua chupa. Gramu 4.00 kwenye mizani si gramu 4.00 za kostiki. Kwa hiyo usiamini lebo ya 0.1 M iliyotokana na mizani peke yake. Pima ukolezi wake kwa asidi ya okzaliki ya fuwele, gramu 6.30 kwa lita, ambayo ni 0.05 M, ukitumia fenoftalini. Mililita 20 za okzaliki zinapaswa kumalizwa na mililita 20 za kostiki. Ikienda 21.2, basi kostiki yako ni 0.1 × 20 ÷ 21.2, yaani 0.0943 M. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, si 0.1.

Flaski, silinda au bika

Molari ni moli katika lita ya *mmumunyo*, si katika lita ya maji uliyomimina. Tofauti hii huonekana ndogo hadi uijaribu kwa sukari. Gramu 342.3 za sukari ni moli 1. Ziweke ndani ya lita moja kamili ya maji, zikiyeyuka zote utapata karibu lita 1.2, na ukolezi utakuwa kama 0.83 M badala ya 1. Kwa mimumunyo hafifu kosa hupungua sana, lakini mazoea mabaya hubaki na siku ya mmumunyo mzito yatakuumbua.

Kwa mililita 250 za kaboneti ya 0.05 M, pima gramu 1.325 kwenye bika ndogo. Yeyusha kwa mililita 80 hadi 100 za maji yaliyokenekwa, ukikoroga kwa kijiti cha kioo. Mimina kwenye flaski ya ujazo kupitia faneli, suuza bika, kijiti na faneli mara tatu kwa maji kidogo, na suuzo zote ziingie humohumo, kwa sababu chumvi iliyobaki ukutani mwa bika ni moli zilizopotea. Ongeza maji hadi sentimita moja chini ya alama. Acha mmumunyo ufikie joto la chumba. Malizia kwa dropa hadi sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji iguse mstari, jicho likiwa usawa wa alama. Funga, pindua juu chini mara 15 hadi 20. Ukiruka hatua ya kupindua, juu ya flaski patakuwa na maji na chini patakuwa na chumvi.

Ukipitisha alama, usinyonye kilichozidi. Kinachonyonywa kina chumvi ndani. Mwaga, anza upya.

Flaski nzuri ya mililita 250 hukosea kwa karibu mililita 0.15. Silinda ya kupimia ya ukubwa huo hukosea mililita 1 au 2. Mistari ya bika ni ya kukisia tu, inaweza kukosea kwa asilimia 5. Kwa hiyo kwa mmumunyo utakaoingia kwenye bureti au pipeti, tumia flaski. Kwa asidi ya kusafishia vyombo au mmumunyo wa kupimia ioni kwenye neli za majaribio, silinda inatosha na flaski ni kupoteza muda.

Maji nayo yachaguliwe. Maji ya Dodoma mjini kwa sehemu kubwa yametoka visimani, hasa bonde la Makutupora upande wa Mzakwe, na maji ya ardhini huja na kalsiamu na kloridi zake. Ukiyeyusha nitrati ya fedha kwa maji ya bomba, inageuka kama maziwa kabla hujapima chochote. Kaboneti nayo huweka weupe wa chokaa. Maji ya betri kutoka kituo cha mafuta yanaweza kuokoa jahazi, lakini soma lebo mara mbili. Asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo, nayo ni asidi ya salfuriki ya karibu 4.5 M.

Asilimia: tatu kwa jina moja

Udhaifu wa asilimia ni kwamba zipo tatu na watu huandika % tu. Kuna uzito kwa uzito, yaani gramu katika gramu 100 za mmumunyo. Kuna uzito kwa ujazo, gramu katika mililita 100. Kuna ujazo kwa ujazo, mililita katika mililita 100. Dripu hutumia ya pili. Vileo hutumia ya tatu. Chupa za asidi kutoka kiwandani hutumia ya kwanza, na hapo ndipo wengi huanguka.

Asidi ya haidrokloriki ya 37% ina densiti ya kama gramu 1.18 kwa mililita. Lita moja ina gramu 1,180, na asilimia 37 yake ni gramu 437. Gawa kwa 36.46, unapata karibu 12 M. Kanuni fupi: zidisha asilimia kwa densiti kwa 10, gawa kwa uzito wa moli. Kwa njia hiyo salfuriki ya 98% yenye densiti 1.84 inakuwa 18.4 M, na nitriki ya 70% yenye densiti 1.42 inakuwa 15.8 M.

Ukisahau densiti kwenye haidrokloriki utadhani ni 10.1 M. Kwa lita ya 0.1 M utachukua mililita 9.9 badala ya 8.3, na mmumunyo utatoka karibu 0.12 M. Kwenye salfuriki kosa ni baya zaidi: utadhani ni 10 M wakati ni 18.4, karibu mara mbili.

Na hata ukiwa umehesabu vizuri, 12 M ya haidrokloriki ni makadirio. Chupa ikifunguliwa mara kwa mara kwenye joto la Novemba, moshi mweupe unaouona ni asidi inayoondoka. Zimua kwa makadirio, kisha pata namba halisi kwa kutitresha na kaboneti ukitumia methili oranji. Kuzimua kwenyewe: maji kwanza, asidi baadaye, polepole huku ukikoroga, bika likiwa ndani ya beseni la maji ya baridi. Ukimimina maji juu ya salfuriki iliyokolea, tone la kwanza huchemka papo hapo na kurusha asidi usoni. Miwani ya kinga na glavu si za kupambia picha.

Pamoja na hayo, asilimia ni kipimo kizuri sana shambani na zahanati, kwa sababu mtu hahitaji kujua uzito wa moli. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anayechanganya mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa kwa ajili ya ukungu hupewa 1%: kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa katika lita 100. Kumwambia 0.040 M ni kumchosha bure. Mhudumu anayetaka klorini ya 0.5% kutoka dawa ya maji ya 3.5% hugawanya 3.5 kwa 0.5, anapata 7, anatoa 1: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji. Kama ana klorini ya unga ya 70%, anahitaji gramu 7 kwa lita, chembechembe tu juu yake. Ila dawa ya maji iliyokaa miezi mingi kwenye stoo yenye bati huwa imepoteza nguvu, na hesabu hii haiwezi kulijua hilo.

Mvinyo wa 12% unaonyesha umbali kati ya asilimia na asilimia. Mililita 120 za pombe katika lita zina gramu 94.7 tu, kwa kuwa pombe ni nyepesi kuliko maji. Basi 12% kwa ujazo ni karibu 9.5% kwa uzito-ujazo, au 2.06 M. Mtu akikuletea namba ya ukolezi wa pombe bila kusema ni asilimia ipi, mrudishie akaiulize.

Hii hapa mimumunyo sita ikiwa imevikwa nguo tofauti. Asilimia ni ya uzito kwa ujazo.

| Mmumunyo | g/L | M | % | mg/L |
|---|---|---|---|---|
| Kostiki soda ya titresheni | 4.00 | 0.100 | 0.40 | 4,000 |
| Dripu ya chumvi | 9.0 | 0.154 | 0.90 | 9,000 |
| Dripu ya glukosi | 50 | 0.278 | 5.0 | 50,000 |
| Mrututu wa kunyunyizia (fuwele) | 10 | 0.040 | 1.0 | 10,000 |
| Asidi ya haidrokloriki ya chupani | 437 | 12.0 | 43.7 | haitumiki |
| Floridi kwenye maji, kikomo cha Shirika la Afya Duniani | 0.0015 | 0.000079 | 0.00015 | 1.5 |

Angalia mstari wa asidi: lebo inasema 37, jedwali linasema 43.7, na zote ni kweli. Mstari wa mwisho unajieleza.

ppm na miligramu kwa lita

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeripoti floridi ya kisima cha Singida kwa 0.000079 M. Sifuri zitapotea njiani. Kwa vitu vidogo ndani ya maji, miligramu kwa lita ndiyo mfalme, na kwa maji ya kawaida ni sawa na ppm kwa sababu lita moja ina karibu kilo moja. Usawa huo huvunjika kwenye mmumunyo mzito. Kwenye maji ya chumvi nzito au asidi iliyokolea, sema mg/L na uachane na ppm.

Mtego wa kipimo hiki ni swali "miligramu za nini?" Nitrati ya 50 mg/L ni ileile 11.3 mg/L ikihesabiwa kama nitrojeni. Ripoti moja inaweza kuonekana kuvuka kikomo na nyingine kuwa salama, kumbe ni maji ya ndoo moja. Mtego huo upo pia maabarani. Ukitaka floridi ya 1,000 mg/L kwa ajili ya kusawazisha mashine, pima gramu 2.21 za floridi ya sodiamu kwa lita. Ukipima gramu 1 ukidhani ndiyo miligramu 1,000, umepata floridi ya 452 tu. Zilizobaki ni sodiamu. Hifadhi kwenye chupa ya plastiki, maana floridi hula kioo. Kufika 1 mg/L, usijaribu kunyonya mililita moja na kuitupa kwenye lita moja kwa mkupuo. Pipeti ya mililita 10 kwenda flaski ya 100 mara tatu mfululizo hukupa 100, kisha 10, kisha 1, na kila hatua ina kosa dogo unaloweza kulisimamia.

Ugumu wa maji ndipo molari na mg/L zinaposhikana mkono vizuri kuliko popote. Ugumu huripotiwa kama kaboneti ya kalsiamu, ambayo uzito wake wa moli ni karibu 100 kamili. Kwa hiyo mmumunyo wa EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu na magnesiamu, wa 0.01 M, gramu 3.72 za chumvi yake ya sodiamu yenye molekuli mbili za maji kwa lita, una tabia nzuri: kila mililita yake hukamata miligramu 1 ya kaboneti ya kalsiamu. Chukua maji ya kisima mililita 50, weka bafa ya pH 10, yaani mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike, na kiashiria, titresha hadi wekundu wa zambarau ugeuke buluu safi. Zikienda mililita 10, ugumu ni 200 mg/L. Ikichelewa kugeuka au ikirudi nyekundu, aidha bafa imechoka au unakimbiza bureti mwishoni. Nenda tone kwa tone.

Kwa wanaopima sukari ya damu: mashine nyingine husoma milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Zidisha ya kwanza kwa 18 upate ya pili. 7.0 ni 126. Anayesoma 7 kwenye mashine moja na 126 kwenye nyingine hajapanda sukari ghafla.

Molali na nomali: lini uzihitaji

Molali ni moli kwa kilo ya kimumunyishi (kile kinachoyeyusha, kama maji), si kwa lita ya mmumunyo. Faida yake ni kwamba kilo haitanuki kwa joto. Je, hilo lina uzito Dodoma, ambako asubuhi ya Julai inaweza kuwa nyuzi 15 na mchana wa Novemba ukapita 30? Kwa maji, kidogo sana: kutoka 15 hadi 32 ujazo hupanuka kwa kama asilimia 0.4, na 0.1000 M inakuwa 0.0996. Bureti ya shule haiwezi hata kuliona. Kwa mmumunyo wa pombe au viyeyushi vingine vya mafuta, ni zaidi ya asilimia 1.5, na hapo lifikirie.

Kwenye mimumunyo hafifu ya maji, molali na molari karibu ni pacha: chumvi ya 0.1 M ni molali 0.1004. Kwenye mizito zinaachana vibaya. Haidrokloriki ya 12 M ni molali 16. Salfuriki ya 98% ni molali 500 hivi, kwa kuwa kilo ya maji yake ingehitaji ndoo kadhaa za asidi kuizunguka. Namba hiyo ni sahihi na haina faida yoyote.

Mahali pake halali ni kupanda kwa kiwango cha kuchemka na kushuka kwa kiwango cha kuganda: nyuzi 0.512 na 1.86 kwa kila molali moja ya chembe ndani ya maji. Ukifanya jaribio la kuchemka, usilinganishe na 100. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na maji safi huchemkia karibu nyuzi 96. Chemsha maji matupu kwanza kwa kipimajoto kilekile, andika, kisha weka chumvi. Bila hivyo utaandika kwamba chumvi imeshusha kiwango cha kuchemka, na mwalimu atashika kichwa.

Nomali bado iko kwenye chupa za zamani na vitabu vya viwandani. Huhesabu uwezo wa kuathiri badala ya chembe, na ubaya wake ni kwamba hubadilika na kazi. Pamanganeti ya potasiamu ya 0.02 M, gramu 3.16 kwa lita, ni 0.1 N ndani ya asidi kwa sababu hupokea elektroni 5. Katika mmumunyo usio na asidi, pale inapotoa mashapo ya kahawia, hupokea 3 na inakuwa 0.06 N. Chupa ileile, namba mbili. Ukikuta N kwenye lebo, igeuze iwe M na uandike upya. Kwa haidrokloriki na kostiki namba haibadiliki; kwa salfuriki na okzaliki gawa kwa 2.

Lebo yenyewe iwe na jina la kitu pamoja na maji yake ya fuwele, M na g/L zote mbili, tarehe, na kama namba imetoka kwenye mizani au kwenye titresheni. Chupa isikae dirishani. Jua likiipiga, maji hupanda kama mvuke na kuganda shingoni kwa matone, na mmumunyo wa chini hubaki umekolea kuliko lebo inavyosema. Ukiona matone hayo, pindua chupa mara kadhaa kabla ya kuingiza pipeti.